Sweta la Treni

Mimi domo ninalo, sikatai. Baba yangu, Mzee Halfan, aliyekuwa akiuza mitumba Makambako, alipenda kusema kwamba alinipeleka shule ya bweni ya masista kule Njombe ili nyumba ipumzike. Sasa mtu kama mimi napangiwa kitanda cha juu, na chini yangu nani? Letisia! Msichana wa Mlangali ambaye ukimwuliza kitu anatazama vidole vyake. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa muda mrefu bila kusemezana zaidi ya "umeamkaje" na "samahani". Wenzetu walimwita Bubu. Mimi nilikuwa naudhika kabisa, nikidhani ananidharau.

Kazi yake ilikuwa kufuma. Sindano zake zilikuwa spoki mbili za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Akipata sweta bovu la mitumba analifumua, anazungusha nyuzi ziwe donge, anaanza upya. Na alichofuma hukukiona kwingine: mbuzi aliyesimama kwenye mvua, sista anayekimbiza kuku na kanzu yake kaishika mkononi. Ukisogea utazame, anageuza upande wa ndani.

Tulipoingia kidato cha nne, Ramadhani ilitukuta shuleni. Katika bweni letu Mwislamu nilibaki peke yangu, dada wakubwa niliokuwa nikifuturu nao walishamaliza shule. Kengele ya chakula cha jioni ililia jua likiwa bado juu, na magharibi ikiingia jiko limeshafungwa. Siku ya kwanza nilifuturu maji ya bomba, na maji ya Njombe mnayajua baridi yake, meno yote yaliniuma. Nikapanda kitandani nikamlilia mama yangu kama mtoto wa chekechea.

Jioni iliyofuata, nilipomaliza kuswali, nikakuta kitandani furushi la sweta kuukuu. Nafungua, ndani mna kikombe cha uji, bado wa moto. Kesho yake tena. Nikauliza bweni zima, kila mtu ananishangaa. Mwisho nikajibanza nyuma ya mlango, na mara nikamwona Letisia anaingia amekumbatia furushi.

"Kumbe ni wewe!" nikapiga kelele. Nusura aumwage.

"Ni uji wangu tu," akasema kwa sauti ndogo, macho kwenye vidole. "Kwetu ni aibu kula mbele ya mtu asiyekula. Unanikwama kooni."

Wallahi nilimpenda pale pale. Tukagawana ule uji, na toka siku hiyo hatukuachana. Mimi naongea, yeye anafuma. Nikamweleza Makambako yote: njia panda, malori, wafanyabiashara wa kila mkoa wanaogombana kwa lafudhi zao, na treni inayopita ikitikisa vikombe kabatini. Letisia hakuwahi kuona treni. Siku moja akaniuliza, baada ya kulifikiria sana, "Treni ikikutana na mbuzi, nani anampisha mwenzake?"

Halafu jioni moja, bila kuombwa, akanigeuzia sweta upande wa nje. Lilikuwa sweta lisilo na mikono, na lilikuwa langu. Kifuani kuna treni, lakini treni gani jamani! Juu ya paa ina keria, na juu ya keria kuna magunia, mkungu wa ndizi na jogoo. Gari lolote alilowahi kupanda lilibeba mzigo juu, kwa hiyo na treni nayo akaifungia mzigo. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Naye akacheka! Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko changu, sijui miaka yote alikuwa anakificha wapi.

"Nitaifumua," akasema.

"Thubutu! Utakuja kwetu uione kwanza, ndipo uirekebishe."

"Nitakuja," akasema. "Kabla sijaingia utawani."

Sikucheka tena. Nilijua masista wamemkubali, ila sikutaka kujua. Akishaingia nyumba ya malezi hakuna tena kutembelea marafiki, na akishaweka nadhiri atakwenda atakakotumwa. Ama aje Makambako kabla, ama basi.

Tulimaliza mtihani, tukaagana tukilia, na sweta akaondoka nalo yeye, aje alirekebishe kwetu. Ramadhani iliyofuata ilikuja na zile mvua za elinino, barabara zote matope. Dereva mmoja akaniletea salamu: Letisia atakuja Jumamosi na lori la maharage la kaka yake Fidelis, alale kwetu, Jumatatu aingie utawani. Nilirukaruka uani mpaka mama akanikemea kwamba nimefunga.

Mama yangu huyo, ambaye mwezi wa Ramadhani haruhusu sufuria jikoni kabla ya alasiri, siku hiyo aliniambia mwenyewe, "Mgeni wako hajafunga, mwanangu. Mpikie ale mchana." Nikapika kuku na wali, sikuonja hata tone, chumvi nikakisia. Kisha nikasimama mlangoni. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Kuku akapoa. Nikaanza kukasirika: Bubu huyu, amenisahau! Halafu nikaogopa: au lori limepinduka? Nikawa naomba dua na kumtukana kwa wakati mmoja.

Magharibi inakaribia, kaka yangu Luqmani akarudi kutoka dukani kwa baba na furushi mkononi.

"Rafiki yako kaniachia hili. Anakusalimu sana."

"Rafiki yangu yupi?"

"Yule mpole. Alikuja dukani asubuhi kuuliza nyumbani. Nikamwonyesha. Akauliza kama wote mmefunga, nikamwambia wote. Akasema basi haingii sasa, mtahangaika kumpikia na njaa zenu, na yeye hawezi kula mnamtazama. Akaenda kukaa stesheni angoje jua lizame, aje mfuturu pamoja."

"Na wewe hukuja kuniita!"

"Nilikuwa nimefungua belo jipya la mitumba, duka limejaa watu! Nikajua jioni mtaonana tu. Sasa kaka yake kaja kumchukua warudi, mto umejaa, wanaogopa daraja litakwenda na maji. Rafiki yako alipita dukani mbio akaniachia hili, lori linapiga honi."

Sikungoja zaidi. Nilikimbia pekupeku katika matope mpaka stendi ya malori. Adhana ilinikuta njiani. Lori halikuwepo. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaniambia, ndiyo, limeondoka sasa hivi, na yule msichana alikuwa anatazama nyuma.

Nililifungua furushi nyumbani. Treni ilikuwa imefumuliwa na kufumwa upya. Keria hakuna, ndizi hakuna, jogoo hakuna. Mabehewa yameshikana kwa vyuma vyake, na dereva katoa kichwa dirishani. Sawasawa kabisa. Siku nzima alikaa stesheni akiitazama na kufuma, na mimi siku nzima namngoja na sufuria la wali, tunaoneana huruma.

Shingo hakuimaliza. Spoki moja ilikuwa bado imo, imeshika vitanzi visifumuke. Ya pili aliondoka nayo.

Ni sista sasa. Nimesikia alikuwa misheni moja, kisha nyingine, kisha nchi za mbali. Salamu nimetuma, sijui kama zinafika. Sweta liko kabatini na spoki yake. Kila mjuzi wa kufuma anayeliona anataka kunifungia ile shingo, na kila mmoja namfokea: "Acha hivyo hivyo! Mwenyewe yupo."

Nina hamu naye mpaka leo, kwa nini nifiche? Ramadhani ikiingia, mchana nabandika sufuria dogo la wali, na watoto wangu wananicheka. Majirani zangu Wakristo nimewaambia wote: njooni saa yoyote, ingieni, kuleni mbele yangu. Msingoje jua lizame.