Ulimi wa Kengele

Bosi wetu wa mauzo alikuwa na sauti ya kukausha nguo bila jua. Ofisini alitundika kengele ya shaba, na sheria ilikuwa moja: mteja ni wa aliyeipiga kwanza. Aliyeshika mkia mwisho wa mwezi alikalishwa kwenye stuli isiyo na mgongo, uso kwa uso na mlango wa choo, wenzake wakipita wanampigia makofi. Ukiikalia mara mbili mfululizo, unafungasha virago.

Mimi nilikuwa nimeikalia mara moja, mwezi uliotangulia. Nyonga zangu hazijanisamehe mpaka leo.

Meza ya pili alikaa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ile, nikamfundisha kufunga tai na kumuuzia mti kivuli chake mwenyewe. Kwa hiyo sikumficha kitu: wa kuniokoa alikuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali kubwa, aliyetaka magodoro. Nilimbembeleza kiangazi kizima. Siku moja nililala juu ya godoro letu mbele yake wodini, nikakoroma mpaka wagonjwa wawili wakapona ghafla na kuomba kurudi kwao.

Hatimaye, siku ya mwisho ya mwezi, akaja mwenyewe ofisini, akakubali, tukapeana mikono. Sasa, mimi nimelelewa: mgeni husindikizwa. Nikashuka naye ngazi. Ndiyo kwanza namfungulia mlango wa teksi, nikasikia juu dirishani: ngo! ngo! ngo!

Nikapanda mbio. Watu wanashangilia, shemeji kashika kamba ya kengele.

“Bosi, mteja ni wangu! Kila mtu kaona!”

“Macho hayapigi kengele, mzee. Stuli unaijua ilipo. Na mlango unaujua.”

Nikamgeukia shemeji. “Shem, nimekukosea nini?”

“Usinune, shemeji. Kazi ni kazi.” Hakunitazama. Alikuwa anaweka sawa tai yake.

Walipokwenda kunywa soda za ushindi, nikapanda juu ya ile stuli, nikaufungua ulimi wa kengele, nikautia mfukoni. Nasikia kesho yake waliivuta mpaka kamba ikakatika, kengele kimya kama shahidi aliyehongwa.

Jumapili shemeji akaja kula kwa dada yake, kama kawaida. Mke wangu, niliyekwisha kumsimulia yote, akamtengea sahani iliyofunikwa. Akafunua: ulimi wa shaba, umeoshwa unang'aa.

“Dada, nini hiki?”

“Kula, mdogo wangu. Kazi ni kazi.”

Mimi nikaangua kicheko. Kilinikauka nilipoona mke wangu analia.