Glasi za Bi Pramila

Leonard alimshika Teresia mkono nje ya chumba cha mahakama, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti ileile ya Jumapili. Teresia aliona kinyaa. Mtu huyu, meneja wake katika nyumba ya wazee na mzee wa kanisa lao la Lewisham, huku ughaibuni, ndiye aliyewafundisha watunzaji kusaini chati ya vinywaji saa moja asubuhi, glasi zote za siku nzima, wazee wakiwa bado wamelala.

"Dada Teresia," alisema alipomaliza sala, "judge atakwambia si lazima ujibu swali la kukutia hatiani. Basi usijibu. Hiyo ni right yako, na inatulinda sisi sote. Wewe na visa yako, unajua."

Sisi sote! Mchuma janga hula na wa kwao, na leo ndipo Leonard alipokumbuka kwamba ana dada.

Bi Pramila, ambaye kifo chake ndicho kilichowaleta mahakamani, alikuwa Mhindi wa Kisumu, mjane wa mwenye duka huko Kingsbury. Uzee ulimpokonya Kiingereza chote, ukamwachia Kigujarati na Kiswahili cha utotoni. Katika nyumba ile ya wazee, Teresia peke yake ndiye aliyemwelewa. Siku tatu za joto la Julai chati ilionyesha glasi nane kila siku. Daktari alisema bibi alikufa kwa kiu.

Hakimu wa uchunguzi wa vifo, mama mmoja mpole, alimwonya vilevile kama Leonard alivyotabiri. "Umeelewa?" akamuuliza. Nyuma kule Leonard alimtikisia kichwa kuafiki, akatabasamu.

"Nimeelewa. Nitajibu yote."

Akasema kwamba alisaini. Akasema nani alimfundisha. Leonard akainamia begi lake kama anayetafuta kitu. Teresia angeweza kuishia hapo, maana lawama ilikwisha kumfikia Leonard. Lakini Lila, binti wa marehemu, akaruhusiwa kuuliza.

"Mama yangu hakuomba maji?"

Hakimu akamkumbusha Teresia kwamba bado anaweza kunyamaza.

"Aliomba," alisema Teresia, na sasa alijichukia kuliko alivyomchukia Leonard. "Aliniambia, 'Mwanangu, maji.' Nikamjibu, 'Nakuja, mama.' Siku zote tatu."