Saini ya Saa Kumi

Barua ya kumfukuza Mama Pacha ilikuwa imeshachapwa. Ilisubiri taarifa yangu tu. Kazi yangu ni kupima kinachomfanya mtu akosee kazini, na yeye, mbandikaji wa kiwanda cha dawa, alikuwa amebandika lebo za dawa ya kikohozi kwenye chupa mia mbili za dawa ya kuchua. Ziligunduliwa zikiwa bado ghalani.

"Uzembe," alisema msimamizi, ambaye wafanyakazi humwita Njiti kwa kuwa haachi kuchokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Andika uzembe, mtaalamu, tukale."

Nilipima kwanza. Kipimo cha mwanga mezani kilisoma mia na kumi, mahali panapohitaji mia tano. Joto, nyuzi thelathini na sita. Chumba kilinuka dawa iliyochacha, na mende walitembea juu ya gundi. Chupa za dawa zote mbili zilifanana umbo na rangi.

"Umekunywa maji leo?" nilimuuliza Mama Pacha.

"Maji, kaka? Ufunguo wa choo anakaa nao Njiti. Anautoa mara moja, baada ya chakula. Nikinywa nijikojolee hapa?" Wenzake wakaguna. "Andika tu nimekosa. Ila hao pacha utawalea wewe."

Nikafungua daftari la ukaguzi. Kila saa, mkaguzi wa pili hulinganisha lebo na chupa, kisha husaini. Mkaguzi huyo ni Njiti. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saini yake ya saa kumi jioni ilikuwa imeshakauka.

"Nasaini zote asubuhi nisije nikasahau," alisema, akatema kipande cha njiti karibu na kiatu changu. "Kwani wewe huwa hubanwi na kazi?"

Taarifa ilifika kurasa nne. Kwa utaratibu wa kiwanda, msimamizi husaini kila ukurasa kuthibitisha kwamba amesoma na kukubali.

"Soma kwanza," nilimwambia.

"Nakuamini, ndugu yangu."

Akalamba kidole, akafunua, akasaini; akalamba tena. Mate yake yalibaki kwenye pembe za karatasi. Alipomaliza ndipo alipouliza, "Uzembe umeuandika?"

"Ukurasa wa tatu. Uzembe wa mkaguzi wa pili. Mama Pacha nimependekeza abaki kazini."

Alinyoosha mkono. Nilikuwa nimeshaitia taarifa kwenye bahasha ya mkurugenzi.

"Sasa nipe ufunguo wa choo," nilisema. "Nataka kunawa mikono."