Mzigo wa Mwenyekiti Leodgar

Alasiri mazoezi ya Mizinga FC yalisimama kama kawaida ili wapagazi wapite. Kocha alipuliza filimbi, wachezaji wakasogea pembeni kunywa maji, na msafara ukaingia kutoka upande wa goli la magharibi: watu waliokufa zamani, vifua wazi, mizigo mabegani, kengele ikitangulia, na nyuma kabisa machela iliyofunikwa kitambaa, ambayo watu wa Tabora waliamini imebeba pembe za ndovu. Uwanja ulijengwa juu ya njia yao ya kwenda pwani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba safari imekwisha. Kwenye mechi za ligi, mwamuzi hufidia kwa kuongeza dakika.

Zamda alitumia nafasi hiyo kuanua jezi. Alikuwa mtunza vifaa wa klabu, na kwa kuwa klabu haikupenda kuajiri watu wawili, alikuwa pia mchua misuli. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake kule Ipole. Alipomkanda mtu, maumivu yalitoka yakaganda mikononi mwake, donge la rangi ya nta, naye akaenda kulitupa kwenye mtaro nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Mtaroni hapo hata magugu yalishaacha kuota.

Mteja wake mkubwa alikuwa Lugembe, nahodha. Alikuja akiumwa, na asipoumwa alikuja pia.

"Leo wapi?" Zamda aliuliza.

"Popote utakapopaona."

"Hapa hamna kitu, kaka. Mzima kabisa."

"Basi hakikisha tena."

Zamda alimfukuza huku anacheka. Kesho yake Lugembe alileta karanga za Urambo, keshokutwa asali ya masega, na jezi yake namba sita ikaanza kufuliwa peke yake, kwa sabuni ya Zamda mwenyewe. Klabu nzima ilishajua yatakapoishia. Mlinzi wa geti alikuwa ameshaulizia sare ya harusi, wenyewe bado wanazunguka mbuyu.

Wiki ya mechi ya kupanda daraja, goti la Lugembe lilichanika mazoezini. Zamda alilishika mara moja tu, akaondoka moja kwa moja hadi ofisini kwa Mwenyekiti Leodgar.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Lugembe asicheze. Akicheza, mguu umekwenda."

"Marahaba. Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi kafue." Akamgeukia daktari wa timu. "Mchome, acheze."

Lugembe alichomwa sindano ya ganzi, akacheza, timu ikapanda daraja, na mechi ikielekea ukingoni goti lilikatika kwa mlio uliosikika mpaka jukwaani. Jumatatu Mwenyekiti alisema redioni, kwa sauti ya masikitiko, kwamba mchezaji huyo aliificha klabu kuwa ni majeruhi, kwa hiyo mkataba wake umevunjwa. Lugembe alisikiliza akiwa kitandani. Mama yake alikuwa anasikiliza redio hiyohiyo kule Nzega, na kuitwa mwongo mbele ya mama kulimuuma kuliko goti.

Zamda hakulia. Alitaka jambo moja tu: Leodgar alisikie goti lile mwilini mwake, kisha neno "mchome" lisimtoke tena kinywani maisha yake yote.

Alimchua Lugembe kutwa nzima. Maumivu yalitoka yote, donge kubwa kama mtungi wa maji, na mgonjwa akalala usingizi wa mtoto. Donge lile Zamda hakulipeleka mtaroni. Alilifunga ndani ya jezi namba sita, akaliburuta hadi uwanjani na kumsubiri kirangozi, yule mzee wa kengele anayeongoza msafara.

"Shikamoo, babu. Nina mzigo wa Gongoni, nyumba ya geti jekundu."

"Marahaba, mwanangu. Gongoni ni njiani. Mwenyewe nani?"

"Leodgar. Ni wake, alituachia sisi."

"Sisi tunalipwa nguo."

Zamda alimpa jezi chakavu za msimu uliopita. Kirangozi alizivuta kupima mshono, akaridhika, akawagawia watu wake. Wengine walizivaa palepale.

Mwenyekiti alikuwa barazani anakunywa chai na chapati. Mlinzi wake hakuwazuia wapagazi, kwa kuwa walivaa jezi za klabu. Waliingia, wakasalimia, wakautua mzigo gotini pake, wakaufungua, wakaenda zao. Mayowe yake yalifika mpaka uwanjani, ambako Zamda alikuwa anafua. Alifurahi, tena hakuona haya kufurahi, akaongeza sabuni.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alikuja uwanjani na mkongojo. Mashabiki walisimama wakampigia makofi kwa kujitoa kwake. Ndani ya chumba cha wachezaji, winga Renatus alikuwa amekaa chini, kifundo cha mguu kimevimba. Mwenyekiti alikitazama muda mrefu huku jasho likimtoka kwa maumivu yake mwenyewe. Mle ndani hakuna aliyejua kuliko yeye jinsi inavyouma. Zamda alimkodolea macho, akasubiri.

"Mchome," Mwenyekiti alisema. "Acheze."

Kesho yake kifundo cha Renatus kikaenda Gongoni. Ukafuata mgongo wa Samweli, kisha bega la kipa. Mwenyekiti hakuweza tena kusimama, klabu ikamtengenezea kiti chenye mipini, na wachezaji wa akiba wakapewa kazi ya kumbeba. Mkutano mkuu ulimchagua tena bila kupingwa.

Zamda na Lugembe walifunga ndoa bomani baada ya mauzo ya tumbaku, kama ilivyotabiriwa. Sherehe ilifanyika uwanjani. Wapagazi walikatiza katikati ya ngoma na jezi zao, mlinzi wa geti akalalamika kwamba wafu wamepata sare na yeye hana. Goti la Lugembe haliumi hata kidogo. Halikunji pia. Siku hizi anachora mistari ya uwanja kwa chokaa, akiuburuta mguu.

"Mimi nimeshasahau, mke wangu," humwambia.

"Wewe sahau. Mimi nakukumbukia."

Juzi ilikuwa zamu ya kijana mpya, Mayala, aliyechanika nyama za paja. Zamda alimpelekea kirangozi mzigo na jezi ya malipo. Upande wa pili wa uwanja, juu ya kiti kilichobebwa na vijana wanne, Mwenyekiti alikuwa anauliza daktari yuko wapi.

"Kumbe huyu wako bado anasema," kirangozi alisema.

"Bado."

"Hata bwana wetu aliugua, tulipovuka Malagarasi. Miguu ilimfa yote miwili. Tukamtia kwenye machela. Akawa amelala humo, anaamuru nani apigwe."

Zamda aliacha kufunga mzigo. "Mlimbeba mpaka wapi, babu?"

Mzee alielekeza kidole mwisho wa msafara, kwenye ile machela.

"Kwa nini hamkumtupa?"

"Tulishapokea nguo, mwanangu."

Kutoka ndani ya kitambaa sauti kavu ilisema, "Twendeni," na wapagazi wakainua mizigo. Zamda alikaza fundo la mwisho, akamtwika mmoja wao maumivu ya Mayala. Kocha akapuliza filimbi, mazoezi yakaendelea.