Sifuri ya Mjomba

Mpimaji alikuwa amekaa nje ya lango la kiwanda, mwanawe mchanga kifuani, alipoona kuwa namba ya kipima gesi iko chini ya sifuri.

"Hata huyo mtoto wa chuma unatoka naye?" wifi yake aliyemleta mtoto anyonye alimtania. Kweli, alikuwa amesahau kukifungua kiunoni.

Hasi thelathini. Alikifuta kwa upindo wa kanga, akakitazama tena. Hasi thelathini vilevile.

Mjomba wake, fundi mkuu, ndiye aliyemlipia masomo ya jioni na kumfundisha kifaa hiki. Kwanza unakionjesha hewa safi, unakiambia, "hii ndiyo sifuri." Kisha programu inazichuja namba, inachanganya za sasa na za nyuma, isije ikapiga yowe kwa pumzi moja chafu. Mpimaji aliupenda utulivu huo. Aliuona kama wa mjomba mwenyewe.

Lakini hewa haiwezi kuwa safi kuliko safi. Labda aliyeweka sifuri aliiweka ndani, penye moshi wa tanuri, kifaa kikauhesabu moshi kuwa hewa safi.

Maziwa yalimkatika. Mumewe alikuwa mchomaji wa tanuri hilo. Mwezi mzima alirudi nyumbani kichwa kikimpasuka, naye mkewe akamjibu, "Kipimo kinasema hewa ni safi. Sema tu umechoka na kazi." Tangu siku hiyo mume hakulalamika tena.

Alimrudisha mtoto kwa wifi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mjomba.

"Karibu, mama. Umeshakula?"

"Sifuri uliiweka wapi, mjomba?"

Tabasamu likamganda mzee. Alisogeza kikombe, akakirudisha palepale.

"King'ora kilikuwa hakinyamazi. Wangelifunga tanuri. Mumeo angeenda wapi?"

"Na kichujio?"

"Nilikirefusha kidogo tu, kichanganye namba za nyuma zaidi. Nilikuwa nawalinda nyinyi."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe usingekubali."

Alilisema kama sifa, na ndilo lililomchoma zaidi. Kumbe alimjua vizuri namna hiyo, na bado kila asubuhi alimkabidhi kifaa kwa mkono wake na kumtakia kazi njema.

"Nipe neno la siri la kuwekea sifuri."

Mjomba aligeukia dirisha. Kisha akalitaja. Lilikuwa jina la utani alilompa mpwa wake alipokuwa akijifunza kutembea, jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Mpimaji aliliandika kule langoni, kwenye upepo, herufi moja moja. Hewa ya nje ikawa sifuri. Halafu akaingia kwenye chumba cha tanuri.

Kichujio kilikuwa bado kirefu, hivyo namba ilipanda polepole, kama mtu asiyetaka kuamini anachokiona. Kumi. Ishirini na mbili. Arobaini. Mpimaji hakungoja king'ora.

"Tokeni nje! Wote, acheni kila kitu!"

Wachomaji walitazamana, wakatupa koleo, wakatoka wakikohoa. Mumewe akabaki nyuma, ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Kipimo kinasemaje leo?" aliuliza, bila kumtazama usoni.

Mkewe alikizima, akampitishia mkono kiunoni.

"Niambie wewe," alisema. "Kichwa kinakuumaje?"

Wakaanza kutembea kuelekea langoni. Walikuwa wameuacha mlango nyuma yao mume alipofumbua kinywa kumjibu.