Mama Moja, Kasereka Babili

Kwetu Banande, jina ya mutoto ni hesabu. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Hata mutoto akikufa, hesabu inaendelea tu. Mwenye kumufuata hakamate fasi yake. Miye naitwa Kasereka. Bakubwa bangu, Paluku na Kambale, balikufa na surua mbele nizaliwe, na nikabakia peke yangu na mama. Naanza na ile ili musiniulize kisha ginsi gani mutu mwenye akili alifanya kile nilifanya. Niko na hasira, najua, hata bibi yangu anasema. Mais ile siku niliona niko na haki.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, hapa Butembo. Vita ilikuwa imejaza bunduki kila pembe, na kila wiki mutu alitokea ku mulango ya batu kusema "niko ndugu yenu", kumbe anatafuta shamba. Asubuhi nilikuwa napanga viazi ya Masereka mbele ya nyumba, camion ya mizigo ikasimama, mutu mumoja akashuka. Alivaa kofia ya Kiislamu, na alionekana kunipita miaka kidogo. Akasalimia vizuri.

— Naitwa Maulidi, chauffeur wa camion hii, natoka Beni. Natafuta Mama Kyakimwa, mwenyeji wa Masereka.

— Ni mama yangu. Unamutafutia nini?

Akatosha kofia ku kichwa.

— Mama Halima, mwenye alinilea kule Beni, alikufa mwezi uliopita. Mbele ya kufa aliniambia kama mama mwenye kunizaa ni Kyakimwa. Aliniacha kwake wakati wa uasi wa mwaka 1964, akasema atarudia. Aliniambia pia kama jina yangu ya kuzaliwa ni Kasereka.

Weeh! Damu ikanipanda ku kichwa.

— Kasereka ni miye! Mama moja anaweza kuzaa ba Kasereka babili? Uliza mutoto yeyote wa hapa! Njia ya muongo ni fupi, ndugu yangu, na yako imeishia ku mulango wangu.

— Sitake kitu, akasema. Ni kumusalimia tu.

Mama alikuwa mu nyumba. Rido, kitambaa ya mulango, ilitikisika kidogo, mais hakutoka. Nikaona ni woga wa muzee.

Nikapika kelele. Majirani bakakuja, na bale vijana benye kufunga njia ku barrière bakakuja na bunduki yao. Niliweka mukono ku kifua nikaapa kama huyu mutu ni muongo, anazunguka ku manyumba kuuliza majina ya batu. Ule mwaka, neno kama ile ilitosha kabisa. Balimufunga mikono na kamba ya mifuko yangu ya viazi, bakaenda kumufungia mu kinyumba ya pale barrière. Mukubwa wao, Esdras, akaniambia:

— Papa, lete preuve, ushahidi wa kweli, mbele jua ishuke. Kama ni muongo kweli, siye tunajua kazi ya kumufanyia.

Nilikimbia ku parokia. Kule, Papa Siméon, karani, alikuwa anachunga registres ya zamani ya Mabalako, vitabu vya ubatizo. Zililetwa Butembo mu mifuko ya kahawa juu ya kuogopa moto. Mama aliolewa kule Mabalako, akazalia bakubwa bangu kule. Miye nilizaliwa Masereka, kisha baba kuuawa mu uasi.

— Papa Siméon, nionyeshe kama mama alizaa bavijana babili tu kule Mabalako. Nataka kartasi yenye muhuri.

Akafungua kitabu, harufu ya panya ikatoka. Paluku, 1957, mama Kyakimwa, pembeni, amekufa. Kambale, 1959, pembeni, amekufa. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

— Ikala kwanza, akasema.

Kidole yake ilikuwa imeshuka mpaka chini ya ukurasa. Kasereka, amebatizwa Mai 1961. Baba yuleyule, mama yuleyule. Pembeni ya jina hakukuwa kitu: hapana kifo, hapana komunio, hapana ndoa.

— Na weye ulizaliwa mwaka gani?

— Mwaka 1965.

Akatosha miwani.

— Basi weye ni Kakule, mutoto wangu.

Nilimutukana. Nilitukana muzee wa batu mu bureau ya padri, Mungu anisamehe. Kisha nikaikala tena pale pale nikalia. Papa Siméon akaniandikia kartasi ya ile jina, akaweka muhuri.

Nyumbani nilikuta mama anachambua maharagi. Nikamuuliza moja kwa moja. Hakuinua macho.

— Baasi ba ule uasi balikuwa nyuma yetu, akasema. Baba yako balikuwa bamekwisha kumuua. Weye ulikuwa mu tumbo, miguu yangu ilivimba, na yeye, mukubwa wako, alilia nimubebe. Halima akasema: niachie. Nikamuambia narudia kisha siku mbili. Njia ikafungwa mwaka muzima.

— Na kisha ule mwaka?

— Kule Masereka balijua Paluku na Kambale tu. Ningekuita Kakule, kila mwanamuke angeniuliza: na Kasereka iko wapi? Ningejibu nini? Kama nilimutupa mu njia? Nikakupa jina yake, hakuna mutu aliuliza. Kisha ile, ningemurudisha, ningemuita nani?

— Leo asubuhi ulisikia sauti yake, mama!

— Nilisikia.

— Na ukanyamaza!

— Na weye ukapika kelele, akasema.

Nilimuambia tu kama bale vijana batamuua. Akaacha maharagi, akatafuta fimbo yake.

Ku barrière, nilimupa Esdras kartasi ya Papa Siméon, nikaapa kama ule mutu ni ndugu yangu. Akaisoma, akaomba carte yangu ya kitambulisho, akaisoma nayo.

— Hapa Kasereka, na hapa Kasereka. Papa, si weye ulisema mama moja hazae babili! Asubuhi uliapa kama ni muongo, sasa unaapa kama ni ndugu. Tukamate kiapo gani?

Vijana bakacheka. Mama akanisukuma pembeni. Pale ku barrière bamama ba Masereka banauzisha vitunguu, na bote banamujua tangu zamani. Akainua mukono mbele yao, akahesabu na vidole, kwa sauti ya nguvu:

— Paluku, nilimuzika. Kambale, nilimuzika. Kasereka ni ule mulifunga mule ndani. Nilimuacha Beni akiwa na miaka tatu, na nikapa huyu jina yake ili musijue. Huyu ni Kakule.

Kidole yake ya ine ilinigusa ku kifua. Hakuna mutu alicheka tena. Mama mumoja alikamata kitunga chake, akasogea mbali na siye.

Bakamutosha mule ndani. Jicho moja ilikuwa imefungana, kofia ilipotea, na alama ya kamba yangu ilikuwa ku mikono yake. Alitembea kuelekea camion yake, hakutuangalia.

— Kasereka! mama akaita.

— Eeh, mama, nikaitika.

Ni kuzoea, miaka makumi tatu na sita. Maulidi hakugeuka, sababu hakuna mutu alikuwa amemuita ile jina tangu utoto.

— Hapana weye, mama akaniambia.

Nikatoka mu njia ya mama ili apite kumufuata.