Vuta Pumzi, Bana

Mpiga picha za mashine pale hospitalini alikuwa na wimbo mmoja tu, na benchi zima la korido lilishaukariri: "Lala. Vuta pumzi. Bana. Haya, inuka."

Fundi cherehani alikuwa anangoja zamu tangu asubuhi, tumbo tupu. Njaa hakuiogopa, alichoogopa ni chakula. Mwaka wa pili sasa, kila akila, haupiti muda tumbo linamkaba chini ya chembe ya moyo mpaka anaiacha cherehani anapiga magoti. Sketi yake ameipunguza kiuno hadi mifuko imekaribia kukutana mgongoni. Hospitali walishaupa ugonjwa wake kila jina: vidonda vya tumbo, gesi, mawazo. Wifi yake akasema anajinyima ili apendeze. Apendeze! Na mifupa yote hiyo nje!

Juzi tu ndipo alipomwona daktari mgeni, kijana wa kuazimwa kutoka hospitali kubwa. Alimwekea chombo cha kusikilizia tumboni, akamwambia atoe pumzi yote, akasikiliza, akarudia tena.

"Dada, hivi si vidonda. Kuna ukano humu ndani, kama lastiki, unaubana mshipa wa damu unaolisha tumbo. Ukitoa pumzi unabana, ukivuta unaachia. Ni nadra sana. Picha ipigwe pumzi ikiwa nje, umesikia? Huo ukano ukionekana, kuna bingwa wa upasuaji ataukata. Bila picha hakupokei."

Fundi alilia pale pale. Mtu amemwamini, jamani.

Zamu yake ikafika. "Lala. Vuta pumzi. Bana."

"Samahani kaka, daktari alisema nitoe..."

"Mama, umewaona watu walivyojaa nje? Mashine moja, mtu mmoja. Tumbo napiga hivi hivi tangu nianze kazi. Leo umekuja kunifundisha?"

"Ameandika hapo kwenye karatasi."

"Mwandiko huu nani anauelewa? Vuta!"

Akavuta. Tena kwa bidii, asije akaambiwa kaharibu picha. Akabana mpaka masikio yakamvuma. Na ule mshipa, ukiwa umepata nafasi, ukapitisha damu vizuri kabisa mbele ya mashine.

Majibu yakatoka: kila kitu kawaida. Akamuulizia daktari mgeni dirishani.

"Karudishwa kwao jana," karani akamjibu.

"Basi picha irudiwe, tafadhali."

"Irudiwe ya nini, na majibu mazuri hivi?" Wakampa vidonge vile vile vya vidonda.

Nyumbani mumewe aliisoma karatasi, akaisoma tena, akapiga kelele. "Mzima! Mke wangu mzima!" Machozi yalimlengalenga, maskini, siku zote alikuwa anaogopa kufiwa na hasemi. Wifi akakimbilia jikoni. Jirani akaitwa.

"Picha imepigwa vibaya," fundi akasema. "Nilitakiwa nitoe pumzi."

"Wifi, acha hizo," wifi akacheka. "Mashine haina chuki na mtu."

Mumewe akamsogezea sahani, imejaa hadi pembeni. "Leo huna kisingizio, mama watoto," akasema kwa upendo. "Kula tukuone."

Wote walikuwa wanamtazama, wanatabasamu. Fundi akanawa mikono, akamega tonge, akameza.

"Na la pili!" wifi akapiga makofi.

Akameza la pili.